Wasomaji Wawili Wasiopatana

Mimi sijaona tangu nikiwa na miaka mitatu, kwa hiyo mtu asinifundishe kushuku. Kushuku ndiyo kazi yangu ya kwanza. Kupokea simu ni ya pili. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye swichibodi ya ofisi ya maji, chumba cha kwanza kulia ukiingia, napokea kelele za watu waliopasukiwa na bomba, nawaunganisha na wakubwa ambao wengi wao hujifanya hawapo. Sauti nazijua. Mtu akiniambia yuko njiani, nasikia kabisa kwamba bado anatafuta viatu.

Lakini karatasi haina sauti. Karatasi lazima umwombe mtu, na mtu ni mtu. Nilipokuwa msichana ilikuja barua ya shule, shangazi akanisomea mwanzo mpaka mwisho, akaruka mahali palipoandikwa kwamba nimepata nafasi ya bweni, kwa sababu alitaka nibaki nyumbani nimlelee mwanawe. Nililijua hilo miaka miwili baadaye, nafasi imeshakwenda kwa mwingine. Toka hapo nikajiwekea sheria: karatasi yangu inasomwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wawili hao wawe hawapatani. Marafiki watapanga maneno. Mahasimu watayapangia wapi?

Hapo kazini wasomaji wangu walikuwa Mama Deki, anayesafisha ofisi, na Sajini, mlinzi wa getini, ambaye jeshini hajawahi kufika hata kwa kutembea. Ugomvi wao ulianza kwa viatu vya tope juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, ukaenda hadi kwenye mambo ya ukoo. Miaka saba hawasalimiani ila kwa kukohoa. Kwangu mimi ilikuwa neema tupu. Mama Deki alisoma taratibu, na miwani yake ikigonga karatasi. Sajini alisoma kama anavuka mto kwa kurukia mawe: neno refu likitokea alisimama, akalipima, akalirukia, na mara nyingi akatumbukia. "U-te-ke... utekelezaji," alikuwa akisema, kisha anatukana chinichini.

Mwaka huu ukaanza uvumi kwamba inakuja mashine ya kupokea simu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Asubuhi moja nikaisikia kwa masikio yangu nyuma ya ukuta, sauti ya bibi mmoja laini kama amelala kwenye mto: "Kwa tatizo la bomba, bonyeza moja." Kisha sauti ya mwanamume: "Rudia." Bibi akarudia. Bila kiti kile mimi nani ataniajiri, kwa umri huu, na fimbo hii? Nyumba ninayokaa, chakula ninachokula, heshima ya kutoka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine, vyote vinatoka kwenye ile simu.

Mwanamume aliyekuwa akisema "rudia" ni fundi wetu wa kompyuta. Ofisi nzima inamwita Bure, kwa sababu wimbo wake ni mmoja: programu za bure, programu huria, mtu asinunue, mtu asiibe. Basi huyohuyo anayemfundisha bibi wa mashine kukaa kwenye kiti changu ndiye aliyekuwa ananifuata kila wiki: "Dada, niruhusu nikuwekee programu ya kukusomea kompyuta. Ya bure kabisa."

Mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia, "Bure hata kaburini hakuna. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Itakufaa huko mbele."

Huko mbele! Nililigeuza neno hilo kichwani siku nzima, na kila nilipoligeuza lilikuwa tishio.

Nilikuwa na programu yangu tayari, ya kuchakachua. Kaka yangu aliileta nyumbani kwenye flashi, kutoka kwa fundi mmoja wa simu anayeuza kila kitu kilichovunjwa kufuli. Ile ya halali bei yake ungepata kiwanja. Yangu ilisoma vizuri, ila kila baada ya dakika arobaini ilikata kauli. Inakata katikati ya neno, kimya, mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Nilishazoea. Nilikuwa napanga barua zangu kwa dakika arobaini, na nikawa mchapaji mwenye kasi kuliko wote kwa sababu ya woga.

Saa nne, wakati wa chai, watu hukusanyika chumbani kwangu kwa kuwa ndimo mlimo na birika, na hapo wizi wangu ulikuwa mada ya kudumu.

"Wizi ni wizi, hata wa sindano," alisema Mama Deki.

"Ukinakili, mwenyewe si anabaki na chake?" Mhasibu alijibu. "Mimi filamu zote za nyumbani kwangu nimenakili. Wale matajiri hata hawatajua."

"Nikinakili ufunguo wa nyumba yako, wewe si unabaki na wako?" Sajini alisema kutoka mlangoni, maana ndani hakuingia Mama Deki akiwepo.

Kila mtu alicheka isipokuwa Mama Deki, ambaye alikohoa. Bure akasema hata kompyuta ya Meneja ina programu ya wizi, kuna maandishi kwenye kona ya kioo yanamwambia hivyo mchana kutwa na yeye ameyafunika kwa kibandiko. Mimi nikanywa chai yangu. Nilijisemea, huyu anatuchunguza wote.

Jumatatu moja ikaja barua. Bahasha ngumu, ya makao makuu, niliijua kwa muhuri wake uliovimba. Nikamwita Mama Deki. Akaifungua, akanyamaza.

"Soma basi."

"Miwani, mwanangu. Miwani nimeiacha kule stoo. Ngoja nikaichukue."

Akaondoka na barua yangu. Alikaa muda wa kutosha kupiga deki ghorofa nzima. Aliporudi akasoma taratibu, kama kawaida yake: makao makuu wananishukuru kwa utumishi wa miaka kumi na tisa, wanathamini sauti yangu kwa wateja, na wananitakia kazi njema katika mwaka huu wa fedha. Basi.

"Hakuna la mashine?"

"Hakuna, mwanangu."

Mchana nikamwita Sajini. Akasoma yaleyale: utumishi, kuthamini, mwaka wa fedha. Nikashusha pumzi. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu, na simu iliyofuata niliipokea kwa sauti tamu hata mpigaji akasahau alichotaka kulalamikia. Jioni nilimpigia kaka yangu nikamsomea barua nzima kwa kichwa, maana nilikuwa nimeshaikariri.

Usiku huo kitu kikanikwaruza. Sajini alisoma "utumishi" na "kuthamini" bila kukwama. Hakusimama popote. Lakini nikajiambia, wewe mwanamke, sasa unashuku hata mtu kusoma vizuri? Huenda amekuwa akijifunza na watoto wake. Habari njema haichokonolewi. Nikageukia ukuta nikalala.

Wiki iliyofuata programu yangu ya wizi ikafa kabisa. Kompyuta ilijisasisha yenyewe, nilipoiwasha ikasema nusu ya neno na haikusema tena. Kaka yangu alikwenda kwa yule fundi wake, akakuta kibanda kimefungwa. Nikakaa siku mbili mbele ya kompyuta iliyo bubu. Siku ya tatu Bure akaja, akavuta kiti.

"Dada, unaogopa nini hasa?"

Nikamwambia ukweli, kwa hasira. "Naogopa kitu kitakachokaa sikioni mwangu, kikajua kila ninachoandika, halafu sijui kinampelekea nani. Na wewe ndiye mwenye yule bibi wa bonyeza moja."

"Yule nimeagizwa," alisema. "Lakini hii iko wazi. Namna ilivyoandikwa ndani haikufichwa, kila mtu anaweza kuisoma."

"Mimi siwezi."

"Wengine wamekusomea."

"Hao wa kunisomea ndio ninaowaogopa. Ni wangapi?"

"Maelfu."

"Ni marafiki?"

Bure alicheka mpaka kiti kikalia. "Marafiki? Hao wanagombana kutwa kucha. Mmoja akiandika mstari, wa pili anamwambia hana akili, wa tatu anausahihisha, wa nne anawatukana wote watatu. Kuna wawili hawajaelewana tangu sijaoa. Ukificha ujanja humo, adui yako atauona na kukuanika mbele ya dunia nzima. Na walioianzisha wenyewe hawaoni, kama wewe."

Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Maelfu ya watu wasiopatana! Mimi nilikuwa na wawili tu, nikajiona mjanja. Penye wengi hapaharibiki neno, na penye wagomvi wengi nadhani ndiyo kabisa.

"Weka," nikamwambia. "Lakini nitaipima."

Akaweka, akaunganisha na skana kuukuu ya masijala ili inisomee hata karatasi. Alipoondoka nikafungua faili jipya nikaandika: "Mimi na Sajini tunaoana Jumamosi." Nikalihifadhi nikasubiri. Ile ni ofisi ambayo ukipiga chafya getini, Mhasibu anakuambia pole kutoka juu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, Ijumaa, bado hakuna aliyenipongeza wala kunipa pole, na Sajini alinisalimia kama kawaida. Nikasema haya, kama inapeleka maneno, basi inayapeleka kwa watu wasiopenda umbea, na hao sijawahi kukutana nao.

Likabaki jaribio la karatasi. Msomaji mgeni humpi karatasi usiyoijua. Unampa unayoijua, uone kama ataongeza au atapunguza. Na karatasi niliyoijua neno kwa neno ilikuwa moja tu. Nikaitoa barua ya makao makuu kwenye mkoba, nikailaza kwenye skana, nikavaa spika za masikioni.

Ikasoma: "Kuondolewa kwa nafasi ya mhudumu wa swichibodi."

Nikavua. Nilijua! Nilijua mimi, cha bure kitasema uongo. Nilikasirika, nikataka kumpigia Bure simu nimpe vidonge vyake. Lakini kwanza nikachukua karatasi nyingine, ile ya taratibu za moto iliyobandikwa mlangoni, ambayo nimesomewa kila mwaka kwenye mazoezi. Ikaisoma sawasawa, hata lile kosa ambalo watu hulicheka. Nikachukua sanduku la majani ya chai, ambalo maneno yake nayajua, nikalipasua, nikalilaza. Sawasawa. Nikairudisha barua.

Nafasi yangu inaondolewa mwisho wa mwezi. Mashine inaanza. Kuna kazi moja mpya, ya kusikiliza malalamiko yaliyorekodiwa na kuyachapa, na aliyeathirika anayetaka kufikiriwa aandike maombi kwa Meneja kabla ya Alhamisi, saa sita mchana. Asiyeandika atahesabiwa kuwa hakutaka.

Alhamisi hiyo ilikuwa jana. Leo ilikuwa Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini.

Nikamwita Sajini. Nikamkabidhi barua, nikamwambia anisomee tena, nimeisahau. Akaanza: "Makao makuu tunakushukuru kwa utumishi..." bila kukwama, kama maji yanayoteremka.

"Mstari wa tatu," nikamwambia, "neno la nne ni lipi?"

Karatasi ikachakarika mikononi mwake.

"Mwisho wa karatasi kuna tarehe gani?"

Nikasikia kofia ikivuliwa. "Dada," alisema, "nisamehe."

Mama Deki aliitwa, akaja na ndoo yake. Nikawaweka mbele ya meza yangu, wote wawili chumba kimoja, kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Mama Deki alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Alisema siku ile hakwenda kuchukua miwani. Miwani ilikuwa usoni. Alisoma mistari miwili macho yakamjaa, akakimbilia getini kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumkimbilia, akamwambia Sajini, tutamwambiaje huyu mtoto wa watu? Wakatunga pamoja. Sajini alifundishwa maneno mapya moja moja mpaka akayashika.

"Tulitaka upate wiki mbili za amani," alisema Sajini. "Tulisema Meneja mwenyewe atakuita akueleze. Mtu hafukuzwi kwa karatasi."

"Mlisoma mpaka chini?"

Hawakusoma mpaka chini. Walipoona "kuondolewa" waliona yametosha.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Niliwaambia huruma yao ina meno. Nilimwambia Mama Deki ni afadhali shangazi yangu, yeye aliniibia akijua anachokitaka. Miaka saba nimekula kwa ugomvi wenu, nikawaambia, siku moja mmepatana, na siku hiyo mkapatania juu ya shingo yangu. Mama Deki alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi. Sajini alisema "kweli, dada" kwa kila neno, na hiyo ilinitia hasira zaidi.

Nikawatoa, nikageukia kompyuta. Nikaandika maombi. Ukurasa mmoja, nikausikiliza mara mbili, nikachapisha, kisha nikaulaza kwenye skana kuhakikisha una wino, maana niliwahi siku moja kumpelekea Meneja karatasi tatu nyeupe na akazitia sahihi. Bure alipita mlangoni akaniuliza kama ndiyo maombi. "Nilidhani uliyapeleka zamani," alisema. "Programu nilikuwa nakupa kwa ajili ya hiyo kazi, dada. Nilidhani tunaelewana." Nikampa mkono tu nikapita.

Meneja aliisoma karatasi yangu kwa sauti kwa kuwa nilimtaka aisome kwa sauti. Aliisoma yote. Kisha akaiweka mezani polepole.

"Dada, majina yalikwenda makao makuu jana saa kumi. Nafasi wamempa dada mmoja wa tawi la mashariki. Nilikusubiri. Nilishangaa hukuja."

"Barua mlinipa ya karatasi," nikamwambia. "Mimi. Karatasi."

"Kila mtu alipewa karatasi. Tusingetaka kuonekana tunapendelea." Akakohoa. "Lakini ulikuwa na watu wa kukusomea, nakumbuka. Nani alikusomea ile barua? Kama kuna aliyekuficha jambo rasmi la ofisi, hilo ni kosa la kufukuzwa. Nitajie, niandike, huenda makao makuu wakakufikiria upya."

Nilisimama pale nikiwa na majina mawili mdomoni. Nayakiri haya kwa kuwa ni kweli: niliyaonja. Nilimwona Sajini getini na watoto wake, nikamwona Mama Deki na magoti yake yanayovimba, kwa jinsi mimi ninavyoona watu, nikasikia hasira yangu bado ya moto. Huenda. Neno lenyewe lilikuwa huenda.

"Niliisoma mwenyewe," nikasema. "Nina programu. Nilichelewa tu."

Meneja akasema pole sana. Nikageuza fimbo, nikatoka.

Kwenye korido sakafu ilikuwa na maji, nikajua yupo. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, ndoo miguuni, na nilisikia pumzi yake ikikatika. "Mwanangu," alisema, "wamesemaje? Niambie hata kama ni baya. Niambie lilivyo. Kama kiti chako kimekwenda kwa mdomo wangu huu, Mungu ni shahidi, mimi sitalala tena."

Nilikuwa nimekusudia kumwambia lilivyo. Nilikuwa nayo yote, jana saa kumi, tawi la mashariki, na nilitaka yamchome. Nikafungua mdomo.

"Wameyapokea maombi yangu," nikamwambia. "Nimebaki, mama."

Akaniangukia begani akalia kwa furaha, analishukuru kila jina la Mungu analolijua, na mimi nikasimama pale kwenye maji nimemshikilia, nimebakiza wiki mbili.